Sauti ya Baba Yako Ndani ya Simu ya Duka

Akinyi wangu,

Umetoka sasa hivi na viatu vyangu vya Jumapili, unaenda mtaa wa Fedha marafiki zako wakuage, na mimi nimebaki mezani na begi lako pale mlangoni. Nimepata nafasi. Ukiwa ndani ya nyumba hii siwezi kuandika chochote. Utanichungulia begani, uniulize mbona nahangaika na kalamu na simu ipo.

Mambo ya sweta na pasipoti na kula vizuri kabla ya kupanda ndege nimeyasema mpaka ukaniita redio. Siyarudii. Naandika kwa sababu ya lile uliloniuliza jana tena ukiosha vyombo, na juzi ukinisuka, na ambalo kila mara nimelikwepa kwa kukutuma dukani ukaniletee kitu nisichokihitaji. Unataka sauti ya baba yako. Unataka nikupe ile simu ya duka uende nayo Ujerumani, au angalau nikuruhusu uhamishe ile sauti iingie kwenye simu yako.

"Mathe, hiyo ni kitu ya dakika mbili tu," uliniambia. "Na si wewe pia utabaki nayo?"

Nikasema nitafikiria. Nimefikiria. Jibu utalipata humu humu, ila kwanza nataka ujue unachoomba ni kitu gani. Mwanzoni mwake ulikuwepo, tena wewe ndiye uliyeshika simu. Mwisho wake huujui, kwa sababu nimekuficha.

Unakumbuka baba yako alivyokuwa akiuza kabla ya hiyo programu ya kutafsiri? Alikuwa akiuza kwa vidole na kicheko. Kina mama wa Kisomali na wa Kioromo walikuwa wakija pale dukani Majengo kutafuta sufuria na beseni na chupa za chai, hawajui Kiswahili, naye hajui chao, basi ni kunyoosha vidole na kugonga sufuria ili wasikie uzito wake. Ulipomwekea ile programu kwenye simu ya duka alikuwa kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Anasema neno kwa Kiswahili, simu inalisema kwa Kisomali. Mteja anajibu, simu inamrudishia Kiswahili. Akileta mteja karatasi ya maagizo imeandikwa kwa lugha asiyoijua, anaipiga picha na maandishi yanageuka palepale. Jambo moja tu lilimuudhi. Maneno yake yalitoka kwa sauti ya mwanamke, msichana mmoja mwenye adabu nyingi kama mtangazaji wa uwanja wa ndege, na vijana wa duka la jirani wakawa wanamwita Dada Ouma.

Ndipo ukagundua kwamba programu ile inaweza kujifunza sauti ya mwenye simu. Alikaa juu ya beseni lililofunikwa, miwani puani, akasoma sentensi zile moja baada ya nyingine na wewe umemshikia simu mdomoni. "Baba, usikohoe. Baba, soma tu, usiongeze maneno yako." Hakuweza kutoongeza maneno yake. Mlipomaliza, Mama Hodhan akaingia kutafuta kikaango, baba yako akasema karibu, na kutoka ndani ya simu ikatoka sauti yake mwenyewe, ule ukwaruzo wake wote, kwa Kisomali safi. Mama Hodhan alijifunika mdomo kwa mtandio. Baadaye simu ikatutafsiria alichosema: kumbe miaka yote hii unakijua Kisomali na unanificha! Siku hiyo tulivunjika mbavu mpaka tukafunga duka mapema.

Kumbuka jinsi ilivyopangwa, maana ndipo mambo yote yalipotokea. Maneno ya upande wetu yalitoka kwa sauti ya baba yako. Ya upande wa pili yalitoka kwa sauti ya yule msichana wa uwanja wa ndege.

Sasa, mimi na Dani. Wewe unamwita bibi yako Dani na unampenda, na yeye anakupenda, sitaki kuharibu hilo. Ila mimi Mkamba niliyezaliwa Makadara niliolewa kwa Wajaluo nikakataa kujifunza lugha yao. Sikusema nakataa. Nilikuwa nikisema nitajifunza. Baba yako alikaa katikati yetu na ikawa rahisi hivyo. Nikisema neno kali, likifika kwa Dani limekuwa asali. Najua kwa sababu nilimwona Dani akitabasamu wakati nimesema kitu ambacho hakikustahili tabasamu. Halafu baba yako alipochoka kutumwa, akatupatia ile simu. Jumapili tukimpigia Dani, tunaweka simu mbili mezani zikitazamana, yangu ikiwa kwenye spika na ya duka ikitafsiri. Mara ya kwanza Dani aliposikia mkaza mwana wake akimsalimia kwa sauti ya mwanawe, alicheka akasema kwamba leo mimi nimeota ndevu.

Uone basi. Ulikuwa mchezo wetu wa nyumbani, na Dani mwenyewe aliujua.

Halafu baba yako akaanguka dukani akipanga sufuria, na hatukumpata tena.

Ya mazishi unayajua. Unajua walivyomjengea ile nyumba ya mabati kwa haraka, kwa kuwa kwao mwanamume hazikwi bila kuwa na nyumba yake bomani kwa wazazi. Tulipomaliza kuzika, na wageni wengi wameshaondoka, tukaitwa nyumbani kwa Dani. Ulikuwa umekaa chini, umeshika ncha ya leso yangu. Wazee wawili wa ukoo, kina mama wa pale, na Dani juu ya kile kiti chake cha kamba. Akasema maneno yake polepole, na yule msichana wa simu akanitafsiria bila huruma yoyote. Nyumba ya mume wangu haiwezi kuachwa baridi. Nitakaa humo. Duka litafungwa. Mtoto atahamia shule ya pale.

Uso wako niliuona. Na mimi niliona maisha yangu yote yakifungiwa ndani ya mabati mapya, na majirani nisioweza hata kuwaomba chumvi. Sikuwaza, Akinyi. Nilifanya nilivyozoea kufanya. Nilibonyeza simu nikasema, "Mama, nakuomba uniruhusu nirudi Nairobi na Akinyi. Maisha yangu yako kule."

Na baba yako, tuliyekuwa tumemzika jana yake, akasema kwa Kijaluo kwamba anaomba kurudi Nairobi.

Mama mmoja alipiga kelele akatoka mbio, akaacha kiatu. Mzee mmoja akavua kofia. Dani hakupiga kelele. Aliniomba simu kwa mkono, akaiweka sikioni ingawa ilikuwa imenyamaza, akasema, "Wuoda." Neno hilo nililijua hata mimi. Mwanangu. Kisha akasema mengine mengi, na simu ikanitafsiria: Kama ni wewe unayeomba, nenda. Nenda na mke wako na mtoto wako. Mimi nani nikukataze?

Nilikuwa na nafasi hapo. Nilihitaji maneno mawili tu, kwamba ni mimi. Hata kwa ishara ningeweza, ningejipiga kifua. Sikujipiga. Wazee walikuwa wameshaitikia kwa vichwa, neno limepita, na ningelirudisha wangenirudisha na mimi kwenye mabati. Kwa watu wetu wa mjini jambo hili lingekuwa la kuchekesha. Kwao marehemu husema, huja ndotoni akaitisha jina lake lipewe mtoto, akalalamika baridi. Dani hakuwa mwehu. Alisikia mwanawe akiomba ruhusa, akampa.

Ndani ya basi uliniuliza, "Mathe, Dani anadhani ni Baba?" Nikakuambia Dani ni mtu mzima, anajua. Nikageukia dirishani. Hukuniuliza tena, na mimi nikachukua kutouliza kwako kuwa umeniamini.

Jumapili iliyofuata akapiga yeye. Tukaweka simu zikitazamana kama zamani. Nilikuwa na nia nzuri, nakuapia. Nikasema, "Mama, ni Mutheu, mke wa marehemu," na nikasikia sauti ya marehemu ikisema hivyo, na Dani akacheka upande wa pili. Akaona mwanawe anamtania. Nikajaribu tena na tena, kila nikisema ni mimi inasema yeye. Ningeweza kubadilisha sauti. Wewe ulinionyesha pale pa kubonyeza. Sikubonyeza. Niliogopa kwamba nikitoka na sauti ya yule msichana, Dani ataniuliza mwanawe ameenda wapi.

Kisha baba yako mdogo akapiga kuniambia Dani amekataa dawa za presha. Basi Jumapili nikamwambia: Mama, kunywa dawa. Akanywa. Nikamwambia aache kufagia uwanja kwenye jua kali, akaacha. Nikajipongeza. Nikaona Mungu ametumia hata kosa. Wewe mwenyewe ulisema, "Angalau anaskiza mtu."

Hapo ndipo ikaanza kuninogea, na hili sijawahi kukuambia. Dani alianza kumsimulia mwanawe mambo ya utoto wake, kama mzazi anavyokumbushia. Alivyomwogopa chura mpaka akapanda kitandani na viatu vya shule. Alivyomwiba kuku wa shangazi yake akampeleka kwa mwalimu ili asichapwe. Baba yako hakunisimulia hata moja ya hayo. Nilikaa pale mezani Jumapili baada ya Jumapili, nikisikiliza mambo ya mume wangu aliyosimuliwa yeye, kama mtu anayechungulia nyumba ya jirani. Nilimjua zaidi akiwa kaburini. Nikawa nauliza maswali ili asimulie zaidi, na nikawa nayauliza kama yeye. "Mama, nikumbushe ile siku ya chura." Sikujaribu tena kusema ni Mutheu. Neno lenyewe likaacha kunijia.

Naye akauliza yake. Huko uliko unalala wapi? Nikamwambia nalala vizuri, Mama. Wanakupa chakula? Wananipa. Mke wako anakutunza? Nikasema ananitunza sana. Nilijisifu kwa mdomo wa maiti, Akinyi, na mwili wangu haukusisimka hata kidogo, na baadaye kutosisimka huko ndiko kulikoniogopesha.

Visa yako ilipotoka tukaenda kumuaga Dani. Hapo tena ulikuwepo, na uliona nilichokiona. Kaburi limemezwa na magugu, na mbuzi amefungwa kwenye msalaba. Kwa mama aliyekuwa akifagia uwanja wake mpaka unang'aa! Dani akatujia akicheka, akakushika mashavu, akakubariki, na yule msichana wa simu akasema kwa adabu zake: Ukifika Nairobi, msalimie baba yako. Mwambie mahindi yamekomaa, aje.

Ukaninong'oneza, "Mathe, hii imeenda mbali."

Lakini njiani ulikuwa umeshalainika. "Usimwambie. Ako na furaha. Kwani anaumiza nani?" Nikakubali shingo upande. Huenda ningeendelea kukubali. Unajua nilivyo mwepesi wa kukubali jambo likiwa na faida kwangu.

Wiki hiyo hiyo likatokea lile la jikoni. Wewe ulilisahau kesho yake. Ulikuwa sebuleni na kitabu chako cha Kijerumani, unataka kujua kama matamshi yako yanaeleweka. Simu yako ilikuwa kwenye chaji, ukachukua ya duka. Ukaibadilisha, lugha ya mwenye simu ikawa Kijerumani na ya kutoka ikawa Kiswahili. Mimi niko jikoni nageuza ugali, sijui lolote. Na nikasikia baba yako sebuleni akisema, "Nimechoka kidogo leo. Chakula kiko tayari?"

Miaka yote hiyo, katika simu ile, baba yako alisema Kijaluo, alisema Kisomali, alisema Kioromo, na mara moja alisema Kichina tukimjaribu. Kiswahili hakuwahi kukisema. Kiswahili ndicho tulichokuwa tunakitia, hakikuwa kinatoka. Lugha aliyonitongozea, aliyonigombezea, lugha ya nyumba hii, sikuwa nimeisikia kinywani mwake tangu asubuhi ile alipotoka kwenda dukani.

Nikajibu, "Inakuja, ngoja nipakue."

Nilipakua, Akinyi. Nikachagua kipande kikubwa cha samaki, upande wa kichwa, anavyopenda. Nikaweka mboga pembeni zisiguse ugali. Nikatoka na sahani yake mkononi nikiwa na furaha ya kawaida kabisa, furaha ya siku ya katikati ya wiki, na nikakukuta umekaa peke yako na kitabu. Uliitazama sahani. Ukanitazama.

"Mathe," ukasema. "Ni mimi."

Lile neno nililoshindwa kumwambia Dani, wewe hukulifikiria hata kidogo. Lilikutoka tu, kwa sababu uliona mtu amekosea na ukataka arudi. Nilikuwa nimerudi tayari. Na nikuambie nilichohisi, kwa kuwa nilikugombeza siku hiyo juu ya vyombo na hukujua kosa lako. Sikukasirika kwamba ulinishtua. Nilikasirika kwamba ulinyamaza. Nilitaka useme kingine kwa Kijerumani. Nilitaka uendelee kusoma kitabu chako chote, ukurasa kwa ukurasa, huyu hapa anauliza treni inaondoka lini, huyu hapa anaomba chumba chenye dirisha, mradi aseme.

Hapo ndipo nilipomwelewa Dani. Mpaka siku hiyo nilidhani nampa faraja. Sasa nilijua ninachompa, kwa kuwa nilikuwa nimekionja mwenyewe, na sahani bado ilikuwa mkononi.

Nilipokuaga ile Jumamosi nilikuambia naenda Machakos kwa dada yangu. Sikwenda Machakos. Kabla yake nilikuwa nimekwenda kwa Mama Adhis, yule anayeuza samaki karibu na duka, nikamwambia anifundishe sentensi mbili za Kijaluo. Kwamba mwanao alikufa. Kwamba ni mimi niliyekuwa nikisema.

"Ai, Mama Akinyi, si utumie tu simu yako?" akaniuliza.

"Simu ndiyo iliyonifikisha hapa. Nifundishe."

Alinifundisha mikono yake ikiwa na magamba. Kila nikikosea wateja walicheka, na yeye aliwanyamazisha, maana alikuwa ameshaelewa maneno yenyewe yanasema nini. Nikajifunza mbele ya samaki wake, nikajifunza nikipanga beseni, nikajifunza ndani ya basi mpaka jirani yangu wa kiti akahama. Simu ya duka niliiacha Nairobi.

Dani aliponiona alifurahi. Akatazama nyuma yangu, kisha akatazama mikono yangu, kisha akanyoosha mkono wake akiwa ameufungua, kama anavyofanya akitaka apewe simu. Nikamwekea mkono wangu. Nikasema zile sentensi mbili. Nilizisema vibaya, najua, ulimi wangu ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Akaniashiria nirudie. Nikarudia. Akauondoa mkono wake kwenye wangu, akaingia ndani, akafunga mlango.

Hakunipa chai. Unajua maana yake kwa Dani, ambaye humpa chai hata mtu anayemdai kodi. Nililala kwenye ile nyumba ya mabati, na sitakuambia nililalaje. Asubuhi nilipotoka alikuwa kaburini. Mbuzi amefunguliwa. Dani ameinama, anang'oa magugu kwa mikono, na analia. Hakulia kama mtu anayekumbuka msiba wa zamani. Alilia kilio kile cha kwanza, cha habari zilipofika. Majirani wakaja mbio wakiuliza nani amekufa, wengine wameshika vichwa, na mimi nimesimama katikati yao sina lugha ya kuwaambia ni yule yule.

Nilichukua jembe. Hakunifukuza. Hakunitazama pia. Tulilima kaburi la mume wangu na mwanawe mpaka likawa jeupe, na muda wote ule alikuwa akisema, akisema, huenda alinilaani, huenda alikuwa akisema na mwanawe. Sikuelewa hata neno moja. Kwa mara ya kwanza sikuwa na mtu wa kuyageuza yawe asali. Niliyapokea yalivyo.

Jumapili hii hakupiga. Uliniuliza, nikakuambia ni mtandao. Si mtandao. Baba yako mdogo anasema dawa anakunywa, siku nyingine anakataa, na siku anazokataa hamsikilizi mtu. Hilo ni langu. Akipatwa na lolote, litakuwa langu, na sijui kama nilimtendea haki au nilimuua mwanawe mara ya pili ili mimi nipate usingizi. Usingizi wenyewe sijaupata. Nitaenda tena mwezi ujao, na mwezi wa kufuata, akinifungulia au asinifungulie. Mama Adhis ananifundisha sasa jinsi ya kuuliza umeamkaje.

Unaenda kuwatunza wazee wa watu. Mkataba wako ulipoupiga picha ukageuka Kiswahili mbele ya macho yangu, niliusoma wote wakati umelala, na nikaona pale wanaposema utawaosha, utawalisha, utakaa nao. Utakuwa na programu hii mfukoni na utaihitaji, sikukatazi. Iache iwaulize wanaumwa wapi, wanataka maji au chai. Ila wazee hukosea, mwanangu. Ipo siku mama mmoja wa kule atakushika mkono akuite kwa jina la binti yake ambaye haji kumwona, na macho yake yatang'aa, na itakuwa rahisi sana kuitika. Sijui utafanya nini. Mimi nilikuwa na sababu nzuri kila siku.

Sasa jibu lako.

Leo mchana, ulipokuwa unanyoosha nguo, nilikaa dukani nikaifungua ile programu ili niifute sauti. Nilifika pale panapouliza kama nina uhakika. Sina. Kidole kilikataa, nikakaa nayo mapajani mpaka mteja akaingia. Nilitaka hata nimuage, nikabonyeza nikasema "Kwaheri, Ouma," na ikatoka kwa Kisomali, yeye akijiaga mwenyewe. Nikazima.

Kwa hiyo sikuifuta. Ni baba yako, na mimi sina haki ya kukunyima kwa sababu mimi nimeshindwa kujizuia. Simu iko ndani ya begi, nimeifunga kwenye leso ya bluu chini ya sweta mbili. Chukua sauti, chukua na simu yenyewe, mimi sitaki nakala. Msikilize ukiwa mpweke, mfanye akusomee kitabu ukipenda. Wewe ni kijana na utachoka nayo mapema kuliko mimi, naomba iwe hivyo.

Lakini juzi ulinikumbatia ukasema, ukidhani unanipa zawadi, kwamba ukifika utakuwa unanipigia kwa Kijerumani ili nimsikie Baba kwa Kiswahili. Usifanye hivyo. Nipigie kwa sauti yako hata ukiwa na mafua, hata ukiwa unalia, hata ukiwa umenikasirikia kwa barua hii. Sitakugombeza ukinipigia kwa yake. Nitaitika, Akinyi. Nitamuuliza amechoka, nitamuuliza amekula, nitazungumza naye mpaka salio lako liishe, na nitakata simu bila kukuuliza wewe umeshindaje.

Mama yako,
Mutheu